Minecraft na watoto wa Katanga: anayesoma ardhi ndiye anayepata

LUBUMBASHI – Katika mitaa ya Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, ni jambo la kawaida siku hizi kuona watoto watatu ao wanne wameinamia simu moja. Mmoja anacheza, wengine wanamwelekeza: geuka kushoto, usichimbe hapo, weka mwenge. Mara nyingi mchezo wenyewe ni Minecraft. Mzazi anayepita hapo anatikisa kichwa na kusema kwamba watoto wanapoteza wakati, umeme na mega.

Mzazi huyo hakosei kabisa. Simu ni ya gharama, umeme unakatika kila mara, na masomo yanangoja. Lakini mchezo huo unamwuliza mtoto swali ambalo Katanga nzima inajiuliza tangu zamani: vitu vya maana viko wapi chini ya udongo, vinatolewa kwa kifaa gani, na vikishatoka vinafanywa nini? Katika mji uliokua juu ya shaba, swali hilo ni zito. Inafaa basi wakubwa waache kuwafukuza watoto kama kuku, wakae pembeni yao kidogo, waone mchezo unafundisha nini na unaficha nini. Maana unafundisha mambo mazuri, na unaficha mambo yanayoua.

Mchezo wenyewe ni upi?

Kwa asiyeujua: Minecraft ulianzishwa mwaka 2009 na Markus Persson wa Sweden, na toleo kamili likatoka mwaka 2011. Mwaka 2014 Microsoft ililipa dola miliari 2 na nusu kununua kampuni iliyoutengeneza. Hadi mwaka 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Ndani yake mchezaji anajikuta peke yake katika dunia kubwa ya vipande vya mraba: miti, majani, mawe, mito, milima. Hana nguo ya vita, hana chakula, hana hata kisu. Siku moja ya mchezo ni dakika 20 tu, na giza likiingia mazimwi wanatoka. Hakuna anayemwambia la kufanya. Akitaka kuishi, lazima atafute.

Hapo ndipo tofauti ya wachezaji inaonekana. Mwenye haraka anaanza kuchimba chini ya miguu yake, moja kwa moja, akiota almasi. Mwenye akili anaanza kwa kutazama.

Kifaa kwanza, jiwe baadaye

Somo la kwanza la mchezo ni kwamba kila kitu kina ngazi yake. Mchezaji anavunja mti kwa mkono, anapata mbao, na kwa mbao 4 anatengeneza meza ya kazi. Juu ya meza hiyo anapata sururu ya mti. Sururu ya mti inavunja jiwe, jiwe linampa sururu ya jiwe, na sururu ya jiwe ndiyo inayoweza kutoa chuma. Chuma hakitumiki kikiwa kibichi: lazima apange mawe 8 awe na tanuru, atafute kitu cha kuwasha, ayeyushe. Vipande 3 vya chuma na vijiti 2 vinampa sururu ya chuma. Ni hiyo sasa inayoruhusu kutoa almasi.

Je, mwenye haraka akifika kwenye almasi na sururu ya jiwe? Atapiga, atapiga, jiwe litavunjika, na mikononi hatabaki na kitu. Almasi imepotea. Mchezo haumkaripii wala haumwandikii onyo. Unamwacha tu na shimo tupu.

Ni vijana wangapi hapa jimboni wanahitaji kusikia somo hilo? Wengi wanaacha masomo katikati, wakisema kwamba utajiri uko chini na kinachohitajika ni nguvu za mikono. Wanafika kwenye mali bila kifaa: hawajui kupima ubora wa jiwe, hawajui kusoma mizani, hawajui bei ya siku. Mnunuzi anajua yote matatu. Jiwe linavunjika, faida inakwenda kwa mwenye kujua, na kijana anabaki na vumbi la kifua. Mtoto aliyewahi kupoteza almasi kwenye simu kwa sababu ya kuruka ngazi anaweza kuelewa jambo hilo haraka kuliko kwa hotuba ya mkubwa.

Ardhi ina alama zake

Somo la pili ndilo kubwa zaidi: vitu havikutawanywa ovyo. Tangu mabadiliko makubwa ya Novemba 2021, dunia ya Minecraft inakwenda kutoka kimo cha 320 juu hadi -64 chini, na kila madini yana makao yake. Makaa ya mawe yanapatikana kwa wingi kwenye vilima. Shaba iko zaidi kuzunguka kimo cha 48. Chuma kinapatikana vizuri kuzunguka 16, na tena juu sana milimani. Zumaridi iko chini ya milima peke yake. Anayeitafuta kwenye tambarare atazeeka. Almasi zinaongezeka kadiri mtu anavyoshuka, na wachezaji wengi wanazitafuta karibu na -58.

Tena mchezo unaweka alama juu ya ardhi kwa mwenye macho. Mti wa azalea wenye maua ukionekana porini, chini yake kuna pango lenye majani na udongo wa mfinyanzi. Pango ni zawadi: kuta zake zinaonyesha madini bila mtu kupiga sururu hata moja. Majabali mekundu ya jangwa yanaonyesha kwamba dhahabu iko karibu kuliko mahali pengine. Mchezaji mzuri anatembea sana kabla ya kuchimba.

Wazee wa Katanga hawatashangaa wakisikia hayo. Kwenye vilima vya shaba vya huku miti inashindwa kuota, kilima kinabaki na majani mafupi, na hapo linatoka ua ambalo watu wameliita ua la shaba. Wataalamu wa mimea wanaliita Haumaniastrum katangense. Linavumilia udongo wenye shaba nyingi ambao unaua mimea mingine, na watafuta madini wamelitumia kama alama. Kuna pia malakiti, jiwe la kijani ambalo watu walilifuata karne nyingi kabla Mzungu hajakanyaga hapa. Waliolichimba hawakubahatisha. Walikuwa wamesoma kilima.

Kwa hiyo kuna jambo la kusikitisha. Mtoto wa Lubumbashi anaweza kutaja kimo cha almasi ya mchezo bila kufikiri, lakini hajui ua la shaba, hajawahi kushika malakiti akaelezwa ni nini, na hajui kwa nini kilima fulani hakina miti. Lawama hiyo haiendi kwa mchezo. Inakwenda kwa wakubwa walio na elimu hiyo na hawaitoi. Mwalimu wa jiografia akiingia darasani na kuuliza "nani anajua chuma kinapatikana kimo gani katika Minecraft?", mikono itainuka. Akiendelea na swali la pili, "na shaba ya Katanga iko katika miamba ya namna gani?", amekwisha kupata masikio.

Jiwe bila tanuru

Shaba iliingia katika Minecraft mwaka 2021. Ukivunja jiwe lake unapata vipande vya shaba mbichi, na shaba mbichi ukiiacha sandukuni miaka kumi itabaki shaba mbichi. Ukiiyeyusha, mambo yanabadilika. Vipande 3 vinatengeneza fimbo ya kuvuta radi ili nyumba ya mbao isiungue. Vipande 2 pamoja na jiwe la amethisti vinatengeneza darubini. Vingine vinakuwa mapaa, ngazi na taa. Na paa la shaba likikaa nje linageuka kijani polepole, kama shaba ya kweli.

Katika mchezo mzima hakuna mtu anayetajirika kwa kurundika mawe mabichi. Mfuko wa mchezaji una nafasi 36 tu, na akiujaza mawe, hana pa kuweka chakula. Thamani inaanza kwenye tanuru na kwenye meza ya kazi. Kwa ajili hiyo mchezaji mwenye uzoefu, anapokwenda mbali, anabeba vitu vya kutengenezea tanuru njiani. Na akikosa makaa ya mawe, anachoma magogo ndani ya tanuru na kupata makala, sawa na makala yanayouzwa kwa magunia katika soko zote za hapa mjini.

Mababu wa Katanga walilijua hilo. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala na malakiti, wakapuliza kwa mivukuto, na shaba iliyotoka wakaimimina iwe na umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilisafiri mbali na ilitumika kama pesa. Halafu mwaka 1911 tanuru kubwa la kwanza la Wazungu likaanza kutoa shaba hapa Lubumbashi, na bomba lake refu pamoja na mlima mweusi wa takataka zake vimebaki kuwa picha ya mji.

Leo Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani kote. Nyingi inavuka mpaka ikiwa hidroksidi, yaani unga ambao bado haujafika popote karibu na kuwa betri, na sehemu kubwa inamalizwa kusafishwa China. Inaweza kurudi Lubumbashi ikiwa ndani ya betri ya simu, hiyo hiyo ambayo mtoto anashika anapocheza. Nchi iko kama mchezaji aliyejaza masanduku yake vitu vibichi na hana meza ya kazi. Wenye kuandika siasa za madini wanaweza kutumia maneno mengi, lakini mtoto wa miaka 12 anayecheza Minecraft anaona kosa mara moja: "Mbona hawayeyushi?" Ni swali zuri. Linastahili kuulizwa kwa sauti, na si na watoto peke yao.

Zumaridi ya mkulima

Kuna siri nyingine ambayo wachezaji wapya wanachelewa kuigundua. Zumaridi ndiyo pesa ya wanakijiji ndani ya mchezo, na kuichimba ni kazi ngumu: iko milimani tu, tena moja moja. Lakini mkulima wa kijijini anatoa zumaridi moja kwa masuke 20 ya ngano. Ananunua pia karoti na viazi. Mchezaji anayelima shamba la kutosha kando ya kijiji anapata zumaridi nyingi kuliko yule anayeteseka gizani mlimani, na shamba linaota tena wakati shimo likiisha limeisha.

Hilo linagusa kidonda cha hapa. Haut-Katanga ina ardhi pana na mvua ya kutosha, na bado bukari ya mjini inategemea sana mahindi na unga kutoka Zambia. Mpaka ukifungwa ao magari yakikwama Kasumbalesa, bei inapanda na mama wa nyumba ndiye wa kwanza kulia. Vijana wanasema shamba halina pesa. Katika mchezo wao wenyewe, shamba ndilo lenye pesa, na wanajua.

Mambo matatu mchezo unaficha

Baada ya kuusifu, lazima kusema ukweli wa upande wa pili, kwa sababu hapa ndipo hatari iko.

La kwanza: mawe ya Minecraft hayaanguki. Mtu anaweza kutoa kilima chote kutoka chini, na kipande cha juu kitabaki kinaning'inia hewani kama wingu. Vitu vichache tu, kama mchanga na changarawe, ndivyo vinaporomoka. Mtoto anachimba tunele la mita mia bila nguzo moja, na hakuna kinachotokea. Katika Katanga ya kweli, tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka katika mgodi mmoja karibu na Kolwezi na kuua wachimbaji wa mkono zaidi ya 40. Mwaka uliofuata, Septemba 2020, huko Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu na watu wapatao 50 wakahofiwa kufa. Mashimo yenye nguzo mbovu, mashimo yasiyo na hewa, mashimo ya msimu wa mvua: hakuna kati ya hayo katika simu.

La pili: ardhi ya Minecraft haina mwenyewe. Mchezaji anachimba popote, hata chini ya nyumba ya mwanakijiji, na hakuna anayeuliza. Huku kila kilima kina karatasi. Kanuni ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka mchimbaji wa mkono awe mtu mzima mwenye kadi na achimbe katika eneo lililotengwa kwa kazi hiyo. Maeneo hayo hayatoshi, kwa hiyo vijana wanaingia usiku katika eneo la wenyewe na kukutana na walinzi. Tena kuna majirani. Mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ulijifunza hilo tangu mwaka 2014, kobalti ilipojulikana kuwa chini ya nyumba: watu walichimba ndani ya viwanja vyao, hata ndani ya vyumba, mpaka shimo la huyu likakutana na shimo la yule na kuta zikapasuka.

La tatu, na ndilo baya zaidi: katika Minecraft mtu akifa anaamka tena. Akianguka katika lava anapoteza alichobeba, anakasirika dakika mbili, halafu anazaliwa upya na kuanza tena. Mtoto aliyekufa mara mia katika simu anaweza kuona kifo kama usumbufu mdogo wa njiani. Hakuna mjane katika mchezo huo, na hakuna mtoto anayetolewa shuleni kwa sababu baba hakurudi.

Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo mchezo ufungwe kabisa, maana unawaonjesha watoto utamu wa kuchimba. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mbali. Watoto walikuwa wanaosha mawe mtoni Katanga kabla mchezo huo haujazaliwa, na waliosukumwa kule walisukumwa na njaa na karo ya shule. Wengi wao hawana hata simu. Kumnyima mtoto mchezo hakumfungii njia ya mgodi. Kinachomfungia ni kujua, na kuwa na njia nyingine.

Nini kifanyike?

Mambo si mengi, na hayataki bajeti ya serikali. Mzazi akae na mtoto saa moja kwa juma, amwombe amwonyeshe namna anavyotafuta vitu katika mchezo. Mtoto atafurahi kuwa mwalimu kwa mara moja. Halafu mzazi aongeze yale matatu yaliyofichwa: jiwe linaanguka, ardhi ina mwenyewe, na mtu akifa hakuna kuamka. Kama katika jamaa kuna mjomba ao babu aliyefanya kazi mgodini, yeye ndiye wa kuitwa siku hiyo. Atajua kueleza nguzo na hewa kuliko kitabu chochote.

Walimu nao wasione haya kutumia mchezo kama mlango. Meza ya kazi na tanuru ni somo la fizikia na kemia. Vimo vya madini ni somo la jiografia. Zumaridi ya mkulima ni somo la uchumi. Na kwa wenye vyeo, wale wanaoahidi viwanda kila wakati wa uchaguzi, ujumbe wa mchezo ni mfupi: sanduku lililojaa mawe mabichi halimlishi mtu.

Watoto wa Katanga wamekwisha kujifunza kwamba kabla ya kupiga sururu lazima kutazama ardhi, kuwa na kifaa sahihi, kubeba mwenge, na kujua jiwe litapelekwa tanuru gani. Wamejifunza hayo peke yao, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, bila mkubwa kuwasaidia. Kilichobaki ni kazi ya wakubwa: kuwaambia ni wapi simu inadanganya, kabla shimo la kweli halijawaambia.